Jicho Nalo ni Mlango: Historia ya Kile Kioo Tulichovaa Usoni

Mie mwenzenu niko huku Jakobsberg. Baridi ndiyo hiyo hiyo, maboksi yanabebeka, pumzi ipo. Kwa mgeni anayepita hapa kwa mara ya kwanza, Jakobsberg ni kamji kalikoko kaskazini-magharibi mwa Stockholm, ndipo yalipo makao ya manispaa ya Järfälla. Ukipanda treni hapa, dakika ishirini na kitu uko katikati ya jiji. Wasomali, Waeritrea, Waturuki, Wairaki na sisi Waswahili wachache, wote tumo humu, na wengi wetu tunafanya kazi za kuhudumia watu: basi, teksi, usafi, hospitali na nyumba za wazee. Mie niko huko kwenye nyumba za wazee.

Leo nina deni la kulipa. Mama mdogo wa Tanga ameikuta kwenye simu yake picha niliyomtumia mwaka 2020, nimevaa plastiki angavu iliyonifunika kuanzia paji la uso mpaka chini ya kidevu, kama fundi wa kuchomelea mageti. Akanipigia: "Mwanangu, barakoa naijua, ni ya pua na mdomo. Sasa hicho kioo cha machoni cha nini? Kwani mafua yanaingia machoni?" Nikamwambia yanaweza. Akacheka sana. Akasema watu wa Ulaya hawaishiwi vituko.

Swali lake ni zuri kuliko alivyodhani yeye mwenyewe. Nimelifuatilia kwa muda, nimekuta lina historia ya zaidi ya miaka mia moja, na historia yenyewe inatuhusu sisi tunaoogesha na kulisha watu kuliko inavyowahusu wakubwa. Basi kaeni vizuri, leo ni ndefu kidogo.

Kwanza tuanze na kitu mnachokijua. Ukitiwa dawa ya macho yenye uchungu, baada ya muda mfupi uchungu ule unausikia wapi? Kooni. Na mtu akilia sana, kwa nini pua inatiririka? Sababu ni moja. Kwenye kona ya ndani ya kila jicho, upande wa pua, kuna vitundu viwili vidogo, kimoja kope ya juu na kimoja kope ya chini. Machozi yanaingia humo, yanapita kwenye mrija mwembamba na kutokea ndani ya pua, halafu yanashuka kooni. Kila tukipepesa jicho tunasukuma maji kidogo kuelekea puani. Kwa hiyo tone la mate ya mgonjwa likiruka na kuangukia jichoni, lina njia ya kufika puani ambayo Mungu mwenyewe ameichimba, hata kama pua na mdomo umeviziba kwa barakoa.

Njia ya pili haihitaji hata mrija. Weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope umefunikwa na utando mwembamba wenye unyevu, na chembe hai za utando huo zina vishikio ambavyo baadhi ya virusi vinaweza kuvikamata na kuingia. Virusi vya namna hiyo havina haja ya kusafiri hadi puani, vinaanza kuzaana hapo hapo jichoni.

Aliyelipima jambo hili mapema alikuwa daktari wa Kimarekani, Kenneth Maxcy, mwaka 1919. Mnaukumbuka wakati ule kwa hadithi za mababu: vita vya kwanza ndiyo kwanza vimekwisha, na ile homa kuu iliyoitwa ya Kihispania inazunguka dunia. Pwani ya Kenya iliipata kuanzia Septemba 1918, na huku Sweden iliua watu zaidi ya 30,000. Wauguzi walikuwa wamefungwa vitambaa vya pua na mdomo na bado wanaugua. Maxcy akajiuliza: je, macho? Akachukua bakteria ambao siku hizo walihesabiwa kuwa hawana madhara, wanaotambulika kirahisi kwa rangi yao nyekundu wakioteshwa maabara, akawapulizia watu machoni kama vile mtu anavyopiga chafya. Baada ya dakika chache tu akawakuta bakteria wale puani. Kesho yake, baadhi ya watu wale, aliwakuta hata chooni. Yaani wameingia jichoni, wamepita puani na kooni, wamekwenda mpaka mwisho wa safari! Akaandika kwenye jarida la madaktari wa Marekani kwamba barakoa peke yake inaacha mlango mmoja wazi.

Aliyoyaandika yakawekwa kabatini. Hiyo ndiyo desturi yake habari hii, mtaiona inajirudia.

Baada ya vita vya pili Waingereza walifungua kituo cha kuchunguza mafua ya kawaida karibu na mji wa Salisbury. Kilianza kazi mwaka 1946 na kufungwa mwaka 1990. Watu walikuwa wanajitolea kwenda kuambukizwa mafua kwa makusudi. Msishangae, walikuwa wanakaa bure siku kama kumi, wanakula, wanasoma vitabu, wanatembea mashambani. Kuna waliokwenda tena na tena, na wengine walifanya ndiyo likizo yao. Mwaka 1961 madaktari wa pale, David Tyrrell akiwa mmoja wao, waliandika kwamba ukimpaka mtu virusi vya mafua kwa pamba puani na kwenye utando wa jicho, anaugua karibu sawa na yule aliyedondoshewa puani. Basi mama mdogo, jibu la swali lako lilikuwa limeshaandikwa mwaka huo huo Tanganyika ilipopata Uhuru.

Likabaki swali la pili: hayo mafua yanafikaje jichoni, maana si kila siku mtu anakupigia chafya usoni? Mwaka 1973 madaktari wa Virginia, Marekani, Hendley, Wenzel na Gwaltney, walijibu: mkono. Walionyesha kwamba virusi vikishikwa kwa vidole, kisha mtu akagusa utando wa pua au kujifikicha jicho, anaugua. Halafu wakafanya kitu cha kuchekesha, wakawatazama watu wazima wenye heshima zao wakiwa wamekaa kwenye mikutano, wakahesabu nani anachokonoa pua na nani anafikicha macho. Walikuwa wengi kuliko wenyewe wangekubali! Mwaka 2015 watu wa Chuo Kikuu cha New South Wales kule Sydney walirudia kuhesabu, safari hii wanafunzi 26 wa udaktari waliorekodiwa kwa video. Kwa wastani kila mmoja alijigusa uso mara 23 kwa saa moja, na karibu nusu ya miguso hiyo ilikuwa mdomoni, puani au machoni. Na hao ndio madaktari wa kesho. Sisi wengine je?

Sasa tuje kwenye habari inayowahusu wenye watoto wachanga. Kuna virusi vinaitwa RSV. Mtu mzima vikimpata anadhani ni mafua tu, lakini kwa mtoto wa miezi miwili vinashuka kifuani, mtoto anahema kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Hii ni moja ya sababu kubwa za vichomi vya watoto duniani, na kwetu Afrika Mashariki pia. Katika hospitali za watoto wauguzi walikuwa wanaambukizwa na watoto, halafu wao wenyewe wanawapelekea watoto wengine waliolazwa kwa magonjwa tofauti kabisa.

Daktari mmoja mama, Caroline Hall wa Rochester, jimbo la New York, alitaka kujua vinaingilia wapi. Mwaka 1981 yeye na wenzake walitoa majibu ya jaribio la watu wazima waliojitolea: virusi puani, wanaugua. Machoni, wanaugua vile vile. Mdomoni, ni kwa shida sana. Mnaona maajabu? Tunahangaika kuziba mdomo, kumbe kwa virusi hivi mdomo ndio mlango mgumu na jicho ndio mlango mwepesi! Mwaka 1986 kundi lake likawavalisha wahudumu wa wodi za watoto miwani inayofunika macho na pua. Maambukizi yakapungua sana, kwa wahudumu na kwa watoto waliolazwa. Kumbuka, hawakubadilisha dawa wala vitanda. Walifunika macho na pua za watu wanaobeba watoto.

Kwetu pwani ya Kenya, Kilifi, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome ambacho kimefuatilia RSV kwa miaka mingi. Mwaka 2009 hadi 2010 walizifuata familia 47 zenye watu karibu 500, wakawa wanawachukua vipimo vya pua mara mbili kwa wiki kwa miezi sita. Walitaka kujua mtoto mchanga anaambukizwa na nani. Jibu lilikuwa kwamba mara nyingi virusi vinaletwa nyumbani na kaka na dada zake wanaokwenda shule. Hawakupima jicho, walipima pua. Lakini unganisheni wenyewe na yale ya Rochester. Mtoto anatoka shule, hajanawa, anambeba mdogo wake, anampapasa uso, mchanga naye anajifikicha macho kwa usingizi. Mlango umeshafunguliwa na hakuna aliyekohoa.

Mwaka 2003 mlango wa jicho ulijionyesha waziwazi, kule Uholanzi. Mafua ya kuku aina ya H7N7 yaliingia kwenye mashamba, ikabidi kuku wapatao milioni 30 wachinjwe. Waliougua miongoni mwa watu walithibitishwa 89, na wengi sana, 78 kati yao, ugonjwa wao ulikuwa macho mekundu tu, bila dalili nyingine. Hakuna kikohozi wala homa. Lakini daktari mmoja wa mifugo alishikwa na mapafu akafariki. Virusi vya ndege vina tabia hiyo, kwa sababu vishikio vinavyovipenda vipo kwa wingi kwenye utando wa jicho la binadamu kuliko sehemu za juu za pua na koo. Aliyekuwa anakamata kuku kwenye banda lenye vumbi, manyoya yanaruka, alikuwa anapokea virusi machoni siku nzima.

Halafu ikaja korona.

Januari 2020 daktari bingwa wa mapafu wa Beijing, Wang Guangfa, alikwenda Wuhan kuangalia hali, akarudi mgonjwa. Alieleza kwamba alikuwa amevaa barakoa nzuri, lakini hakuvaa kinga ya macho, na kabla homa haijaanza jicho lake lilikuwa limevimba na kuwa jekundu. Akahisi ndiko kulikoingilia ugonjwa. Wiki chache baadaye, tarehe 7 Februari, akafariki Li Wenliang, yule kijana aliyewaonya wenzake mapema. Alikuwa daktari wa macho, na inaaminika aliambukizwa na mgonjwa wa presha ya macho aliyekuwa akimhudumia. Tusiseme kwamba virusi vilimwingia jichoni, hilo halikuthibitishwa. Lakini fikirieni daktari wa macho anavyofanya kazi. Anamtazama mgonjwa uso kwa uso, pua yake na pua ya mgonjwa zimeachana kiganja kimoja.

Na hapo ndipo nataka tufike, ndugu zangu. Umbali wa uso kwa uso.

Machi 2020 korona ilifika Stockholm kwa kishindo. Mnakumbuka Sweden haikufunga watu ndani kama nchi nyingine. Sisi wa mitaa ya kaskazini-magharibi tuliionja mapema. Hapa jirani, Rinkeby na Tensta, Wasomali walianza kuzika. Madaktari wenye asili ya Kisomali walitoa taarifa kwamba katika watu 15 wa kwanza kufariki mkoani Stockholm, 6 walikuwa Wasomali. Mabasi yakafunga mlango wa mbele ili abiria wasimsogelee dereva. Lakini mzee wa miaka 88 mwenye ugonjwa wa kusahau utamfungia mlango gani? Ni lazima umwamshe, umwogeshe, umvalishe, umlishe kijiko baada ya kijiko. Akipaliwa na uji anakukoholea usoni, na hajui kama amekukoholea. Ukimwambia bibi ziba mdomo anakutabasamia.

Mahali nilipokuwa nafanya kazi, sitapataja jina, wiki za kwanza tulikuwa na glovu na aproni za plastiki tu. Barakoa ziliwekwa kabatini na ufunguo anao mkubwa wa zamu, zinatolewa kwa hesabu kwa ajili ya mgonjwa aliyethibitishwa peke yake. Kuthibitishwa kwenyewe kunachukua siku, na wakati huo ulishamlisha mara tisa. Bibi mmoja niliyekuwa namhudumia, mpenda nyimbo, alifariki Aprili ile, na mwenzangu wa zamu, dada kutoka Eritrea, alilazwa wiki mbili. Nani alimwambukiza nani, Mungu anajua. Nyumbani mlikuwa mnanipigia kila usiku mkiniambia nijifukize. Nilijifukiza, jamani, majirani wakadhani napika!

Kioo nacho kilifikaje? Mitambo ya kuchapa vitu vya plastiki ndiyo ilituokoa mwanzoni. Machi hiyo hiyo kampuni moja ya hapa Stockholm, 3DVerkstan, ilitengeneza mchoro wa fremu ya kuvaa kichwani na kuuweka kwenye intaneti bure, kila mwenye mtambo achape. Kioo chenyewe kilikuwa ni karatasi ya plastiki angavu ya A4, ile walimu waliyokuwa wakiandikia kwa kalamu na kuimulika ukutani. Unaitoboa matundu kwa mashine ya kawaida ya ofisini, unaipachika kwenye fremu, kazi imekwisha. Fremu moja ilichapwa kwa muda usiofika nusu saa. Watu walizichapa shuleni, viwandani na majumbani, sehemu nyingi duniani. Wenyewe huku kioo hicho wanakiita visir. Siku kilipoletwa kwetu tulivaa kama watoto wa sikukuu. Hiyo picha ya mama mdogo ni ya siku hiyo.

Msidhani kilikuja bila mvutano. Aprili 2020 katika nyumba ya wazee ya Serafen, mjini Stockholm, mwakilishi wa usalama wa wafanyakazi alisimamisha kazi za karibu na wagonjwa wa korona mpaka watu wapewe barakoa na visir. Huku sheria inampa mwakilishi huyo uwezo huo, akiona uhai uko hatarini anasema simama, na kazi inasimama mpaka mamlaka ya mazingira ya kazi iamue. Mamlaka kwanza ilikubali madai, kisha ikaulegeza uamuzi baada ya mvutano na upande wa waajiri. Ilikuwa gumzo la vyumba vyote vya chai nchini. Baadaye mamlaka ya afya ikaelekeza kinga ya uso itumike kwenye huduma za karibu, na mwisho wa yote visir na barakoa vikawa kitu cha kawaida kazini. Desemba 2020 tume iliyoundwa na serikali, mwenyekiti wake jaji Mats Melin, ilisema wazi kwamba Sweden ilishindwa kuwalinda wazee wake. Karibu asilimia 90 ya waliofariki walikuwa na miaka 70 na zaidi, na nusu ya hao walikuwa wakiishi kwenye nyumba kama hizi zetu.

Sasa tuulize kiungwana: je, sayansi ilithibitisha kwamba jicho ni mlango wa korona? Tuwe wakweli, jibu lina pande mbili.

Upande wa kwanza. Wachina waliweka virusi vya korona kwenye macho ya nyani wa majaribio, nyani wakaambukizwa, ingawa ugonjwa wao ulikuwa mwepesi. Kwa hiyo mlango upo. Juni 2020 jarida la Lancet lilichapisha kazi kubwa iliyofanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, iliyokusanya tafiti za korona na za ndugu zake, SARS na MERS. Waliokuwa hawana kinga ya macho waliambukizwa kama watu 16 katika kila 100, waliokuwa nayo kama 6. Wenyewe waliandika kwamba ushahidi huo si wa uhakika mkubwa, maana anayevaa miwani mara nyingi ndiye pia anayevaa kila kitu kingine vizuri. Tena kioo cha uso kinafunika pua na mdomo pia kwa kiasi fulani, huwezi kusema kimezuia jicho peke yake.

Upande wa pili. Mwaka 2022 jirani zetu wa Norway walijaribu kwa kura. Walichukua watu wazima 3,717 wa mtaani, nusu wakaambiwa wavae miwani yoyote wakiwa karibu na watu wengine kwa wiki mbili, hata miwani ya jua, nusu waendelee na maisha yao. Kwenye daftari la serikali la waliopimwa na kukutwa na korona, pande zote mbili zilikuwa sawa, asilimia 3 na nusu hivi. Kwenye maelezo ya watu wenyewe waliovaa waliugua kidogo pungufu. Yaani kwa mtu wa kupanda basi na kwenda dukani, miwani haikuonyesha faida kubwa.

Mtu akisoma haya haraka anaweza kusema basi kioo kilikuwa bure. Mie sioni hivyo, na naomba mnisikilize. Watu wa Norway walikuwa wapita njia. Hewa wanayovuta inaingia puani maelfu ya mara kwa siku, jicho kwao ni mlango mdogo, pua ndiyo geti. Lakini muuguzi wa Rochester aliyebeba mtoto anayepiga chafya, mkamata kuku wa Uholanzi, daktari wa macho wa Wuhan na mlishaji wa wazee wa Jakobsberg si wapita njia. Wao tone linawarukia moja kwa moja, na mkono wenye virusi unapanda usoni mara ishirini na tatu kwa saa. Ugonjwa ni ule ule, umbali ndio tofauti. Na ukitazama historia yote hii tangu 1919, wenye kukaa umbali huo ni watu wale wale, wengi wanawake, wengi wa mishahara ya chini, na huku kwetu wengi ni wahamiaji. Maarifa yalikuwepo miaka yote. Kilichochelewa ni kuwafikia wao.

Ndiyo maana nikisikia habari mpya natazama kwanza macho. Mwaka 2024 mafua ya ndege aina ya H5N1 yaliingia kwenye ng'ombe wa maziwa Marekani. Wagonjwa 45 wa kwanza walioambukizwa na wanyama walipochunguzwa, asilimia 93 walikuwa na macho mekundu, na theluthi moja hawakuwa na dalili nyingine yoyote. Wengi ni wakamuaji na wafanyakazi wa kuku. Maziwa yanaruka wakati wa kukamua, yanaingia jichoni. Bahati nzuri walipona wote hao. Lakini ni Uholanzi ya 2003 imerudi, na mkamuaji bado hana miwani.

Hapa niwatoe wasiwasi. Yale macho mekundu yaliyowasumbua Dar es Salaam Januari 2024, mpaka Wizara ya Afya ikatoa tangazo, na baadaye yakaonekana Mombasa, si mafua ya ndege na si korona. Huo ni ugonjwa wa virusi wa macho unaokuja na kuondoka, unasambazwa na mikono, taulo na mito. Mara nyingi unaisha wenyewe. Msitie machoni maziwa ya mama, mkojo, chai wala dawa ya jirani, jicho halina spea.

Basi ninayowaomba ni machache. Mtoto akitoka shule anawe kwa sabuni kabla hajambeba mdogo wake. Ukitaka kufikicha jicho, tumia sehemu safi ya kanga au leso uliyoifua, si vidole vilivyotoka kushika noti na bomba la daladala. Wewe shangazi mwenye banda la kuku, siku ukiona kuku wanakufa ovyo usiwakamate kwa mikono mitupu, uso wazi, piga simu kwa afisa mifugo, na kama ni lazima uingie, funika pua na vaa hata miwani ya fundi seremala. Na nyie mnaowauguza wazee wetu majumbani, msione haya kuvaa miwani mnapomlisha anayekohoa. Si kumnyanyapaa. Mzee anahitaji mtu mzima wa kumlisha kesho pia.

Na wale wenye mamlaka huko nyumbani, wenye zahanati, vituo vya watoto yatima na nyumba za wazee, nawaomba kwa heshima: mkiagiza barakoa, agizeni na vioo. Mpatieni kwanza yule anayeogesha na kulisha, ndipo mumpe anayekuja kupiga picha na kuondoka.

Mie kioo changu kile cha 2020 bado ninacho, kimekwaruzika mpaka hakionyeshi vizuri. Kazini siku hizi vinakaa kwenye kabati lisilo na kufuli, kila mtu anachukua akihitaji. Msimu wa mafua ukianza, mie ni wa kwanza kunyoosha mkono.

Nawatakia kila la heri. Wasalimieni wote, na wale waliojifungua karibuni hongereni sana, msisahau sabuni mlangoni.